Mwongo wa Kilima cha Mjane

Ingvill Storhaug alilelewa na mwongo, na bondeni kwao hakuna aliyemwonea huruma, kwa sababu bonde zima lilimpenda mwongo huyo. Arnfinn, baba yake, hakudanganya dukani, wala kanisani, wala kwenye kodi. Alikuwa dereva wa lori la magogo aliyestaafu na mgongo mbovu na jina zuri. Uongo wake aliutunza kwa ajili ya mahali pamoja tu: kando ya njia ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, siku ya mashindano, bintiye anapopita.

Mbio hizo watu hawaondoki pamoja kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Anaachiwa mmoja, nusu dakika inapita, anaachiwa mwingine, na kila mtu anashindana na saa akiwa peke yake msituni. Adui yako humwoni. Yuko huko mbele nyuma ya misonobari, anahema kama wewe, na hujui kama anakushinda au unamshinda. Habari zote za vita unazipata kwa mtu wako aliyesimama kilimani na saa mkononi, ambaye amempima yule aliyetangulia na sasa anakupima wewe, kisha anapiga kelele: uko mbele kwa kiasi hiki, uko nyuma kwa kiasi kile. Kila familia ina mtu wake. Ingvill alikuwa na Arnfinn, na Arnfinn, tangu binti akiwa na miaka minane, alikuwa na habari moja tu.

"Uko nyuma!"

Alikuwa nyuma alipokuwa nyuma, na alikuwa nyuma hata alipokuwa mbele. Mwaka mmoja, akiwa bado mtoto, aliwaacha wenzake mbali mno hata angeweza kusimama akala chungwa njiani, lakini baba akamlilia kwamba kuna msichana wa bonde la pili anamla visigino. Alikimbia mpaka akaitapikia medali yake.

"Ukimwambia mtoto anaongoza," Arnfinn alijitetea, huku akiisafisha ile medali kwa theluji, "anaanza kutazama ndege."

Ingvill alipokwisha kuvunja ungo alishaijua dawa. Baba akisema nyuma kwa sekunde kumi, maana yake mbele kidogo. Baba akisema nyuma kwa ishirini na kutupa kofia chini, maana yake kashinda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya Arnfinn ilikuwa ya kilomita kumi, mizunguko miwili, na baba na binti waliipita miaka mingi bila kugombana.

Mpaka mwaka jana.

Ziko nchi ambazo mtu akiweza tu kuvaa ski bila kukosea mguu, anapewa jezi ya taifa, bendera na picha ya pamoja na waziri. Norwe si moja ya nchi hizo. Katika Mashindano ya Dunia kila nchi hupewa nafasi nne kwa mbio moja, na Norwe ina wanawake ishirini ambao yeyote kati yao akitumwa hukosi kumsikia jioni kwenye redio. Watatu huwa wameshajulikana kabla, wale waliotamba msimu mzima. Inabaki nafasi moja. Hiyo inatafutwa kwenye mbio za mchujo, siku moja, asubuhi moja, na halafu makocha wanajifungia kibandani na kuamua. Watu wa pale husema, na wala hawatanii, kwamba kuleta medali ni kazi, ila kuruhusiwa kwenda kuitafuta ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka jana, kwenye mchujo, Arnfinn alisimama pale pale juu ya Kilima cha Mjane na kupiga kelele, "Uko nyuma kwa mbili!" Ingvill akafanya hesabu zake, akatabasamu, akateremka mlima ameketi vizuri kama mtu anayeenda harusini. Zilikuwa mbili kweli. Nafasi ikachukuliwa na Synne Rossvoll, msichana wa bonde la pili mwenye mapafu ya farasi, aliyemzidi kwa upana wa pua.

Pasaka ile, katika kibanda chao cha milimani, baba na binti walizungumza kwa kumtumia mbwa.

"Mwambie huyo anipitishie chumvi," Ingvill alimwambia mbwa.

"Mwambie huyo iko mbele ya macho yake," Arnfinn alimjibu mbwa.

Siku ya mwisho, wakati wa kufunga madirisha, Arnfinn aliweka chini kisu cha jibini.

"Kuanzia leo," akasema, "njiani ni kweli tupu."

"Apa."

"Naapa kwa lori langu."

"Ulishaliuza, baba."

"Basi naapa kwa mgongo ulioharibiwa nalo."

Kiapo hicho Ingvill alikikubali, maana mgongo ule alikuwa akiukanda yeye.

Sasa mchujo ulikuwa umerudi. Ingvill alikuwa na miaka ishirini na tisa, umri ambao makocha huanza kukuita "mwenye uzoefu" kwa sauti ile ile ya kumsifu farasi mzee. Asubuhi aliwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee ya kijiji, mchana alijinoa, na jioni alilala kabla ya taarifa ya habari. Wenzake aliosoma nao walikuwa na watoto na mikopo ya nyumba. Yeye alikuwa na jozi kumi na moja za ski na goti lililojua kutabiri mvua. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa amekwisha kuamua: akikosa leo, zile ski zinapanda ukutani na hazishuki.

Hali ya hewa haikuwa na neno. Baridi kavu, theluji ngumu, mifereji miwili ya njia imekatwa safi kama reli. Siku ambayo mtu akishindwa hawezi kuisingizia nta iliyopakwa chini ya ski.

Synne alikuwa anaachiwa dakika mbili kabla yake. Alikuwa akirukaruka kwenye mlango wa kuanzia mbio, mashavu mekundu, nywele zimesukwa mkia mmoja.

"Usinikamate, bibi," akamwambia Ingvill.

"Sikukamati, mjukuu wangu. Nakuchunga tu usipotee."

Kando yao alisimama Haldis Brekke, kocha mkuu, mikono mifukoni, uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Hakumtazama Synne wala hakumtazama Ingvill. Alitazama ski.

Synne akaondoka. Dakika mbili baadaye Ingvill akaondoka.

Kilima cha Mjane ndicho kilima kikubwa cha mwisho katika kila mzunguko. Jina lilitokana na mwanamke wa zamani aliyekuwa na shamba pale juu, ingawa wakimbiaji wana maelezo yao wenyewe. Kileleni ndipo familia huwasha moto. Na kwa desturi ya bonde lile, moto ni mmoja. Huwezi kuwasha wako na jirani yako akawasha wake, eti kwa sababu watoto wenu wanagombea nafasi moja, mtasemwaje kijijini? Kwa hiyo kila mwaka Arnfinn aliketi juu ya ngozi ya kulungu wa barafuni pamoja na Torunn, mama yake Synne, wakala soseji za fimbo moja na kunywa kahawa ya birika moja jeusi, kila mmoja akiomba moyoni mtoto wa mwenzake ateleze kidogo. Ateleze tu, asiumie.

Torunn alikuwa mkunga. Kwa miaka mingi aliwasikiliza watu wa kilima kile wakidanganya watoto wao, na hakusema kitu, ila hakuwahi kufanya hivyo yeye. Mkunga hana mazoea ya kumdanganya mwanamke anayesukuma.

Mzunguko wa kwanza Ingvill alipanda kilima akiwa mwepesi. Ski zilishika, mikono ilifika mbali, pumzi ilikuja kwa zamu yake. Akaona moshi, halafu kofia ya kijani ya baba, halafu mdomo wa baba ukifunguka.

"Uko mbele! Mbele kwa sita!"

Nusura atoke nje ya njia.

Tangu azaliwe hajawahi kulisikia neno hilo likitoka katika kinywa kile. Lilikuwa kama kumsikia ng'ombe akisema asante. Akateremka mlima, upepo unamchoma macho, na kichwa chake kikaanza kufanya kazi ambayo kichwa cha mkimbiaji hakitakiwi kufanya.

Kaapa kusema kweli, sawa. Lakini sauti ilitetemeka. Kwa nini sauti itetemeke kama habari ni njema? Anajua hii ndiyo ya mwisho. Mimi sikumwambia, ila anajua, huyu hujua mambo. Kaniona niko nyuma sana, akasema, masikini binti yangu, basi angalau afike nyumbani akiwa na furaha.

Hapo ndipo palipomuuma. Baba aliyemdanganya kwamba yuko nyuma alikuwa akimwamini. Baba anayembembeleza amekwisha kukata tamaa.

"Si leo, mzee," alisema kwa meno yaliyofungwa, na akaanza kumfukuza Synne.

Ukingoni mwa ziwa lililoganda, mahali ambapo watu wenye akili hujipumzisha, yeye alitupa mikono kama anayepigana na nyuki. Akamkuta msichana wa klabu nyingine. "Njia!" akafoka, na msichana akaruka pembeni kama kuku barabarani. Uwanjani mtangazaji alikuwa akisema kitu kwenye kipaza sauti, lakini kipaza sauti kile kilikuwa kibovu tangu enzi za baba yake, na kilichomfikia kilikuwa mkoromo tu. Akaingia mzunguko wa pili akiwa na kasi ya mtu anayewahi kuzima moto.

Mwili hauna haya. Unakuacha utambe, unakutazama, halafu unakukumbusha. Katikati ya msitu Ingvill alisikia miguu ikianza kuwa ya mtu mwingine, mtu asiyempenda. Mapaja yakajaa mawe. Fimbo za kujisukumia, zilizokuwa nyepesi kama nyasi, zikawa kama nguzo za simu. Alijaribu kuongeza mwendo, akaongeza kelele tu. Alijua kabisa alichokifanya, maana alikuwa amewaonya wasichana wadogo wa klabu mara nyingi: usimfukuze usiyemwona.

Akafika chini ya Kilima cha Mjane akiwa karibu kutembea.

Hatua, fimbo. Hatua, fimbo. Ski ya kushoto ikateleza nyuma, akaishika. Moshi ule. Kofia ile ya kijani.

"Mbele bado!" Arnfinn alipiga kelele. "Kwa mbili! Zimebaki mbili, Ingvill!"

Sauti ilikuwa imepasuka katikati. Ingvill akaitambua ile sauti. Ndiyo aliyotumia siku walipomzika bibi. Akainua uso na kutikisa kichwa: acha, baba. Mabega yakamshuka. Kama ni kuhurumiwa, basi na ahurumiwe polepole.

"Naapa!" Arnfinn alikuwa amesimama sasa, soseji imeanguka motoni. "Kwa mgongo wangu, mwanangu! Kwa mgongo!"

Ingvill hakumtazama tena. Alikuwa anazitazama ncha za ski zake, na ncha zilikuwa zinakawia.

Ndipo Torunn aliposimama, kikombe cha kahawa mkononi. Synne alikuwa amepita pale muda uliotangulia, na Torunn alikuwa amempima kwa saa yake mwenyewe ya kazini, ile ya kubanwa kifuani. Alikuwa anajua kila kitu. Angeweza kupuliza kahawa yake na kunyamaza, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

"Ni kweli, we mtoto!" akafoka. "Nimempima Synne mwenyewe! Unamfukuza nani? Aliye mbele yako hayupo! Shusha mabega. Pumua. Usipigane na kilima. Haya, sasa, sukuma!"

Wanawake wa mabonde matatu walikuwa wameitii sauti ile katika saa ngumu kuliko hii. Ingvill akaitii kabla hajaamua kuitii. Mabega yakashuka, lakini safari hii yalishuka mahali pake. Akavuta pumzi mpaka tumboni. Hapakuwa na mtu wa kufukuza. Palikuwa na kilima tu, na kilima alikijua tangu akiwa na meno ya utoto: pale panashika, pale panateleza, kwenye ule mti uliopigwa na radi ufupishe hatua. Akafupisha. Miguu haikupona, ila iliacha kugombana naye. Akavuka kilele, akajikunja, akaacha mlima umbebe, magoti yakinywa matuta moja baada ya jingine. Hakutupa hata tone la mwendo pembeni.

Uwanjani alitumia kilichobaki, ambacho hakikuwa kingi. Kwenye mstari alirusha mguu mbele mpaka karibu apasuke, akaanguka kifudifudi kwenye theluji, na theluji ilikuwa na ladha tamu.

Akalala pale akisikiliza. Kipaza sauti kikakoroma. Watu wakapiga makofi, lakini watu wa pale humpigia makofi kila mtu. Alipogeuka chali aliona viatu viwili na, juu sana, Synne akiwa amejifunika blanketi, anatazama ubao wa saa.

"Umenishinda kwa moja na kipande," Synne akasema. Kidevu chake kilikuwa kinacheza. "Kipande chenyewe kidogo."

Ingvill alimwangalia binti yule na kumwonea uchungu kweli kweli, maana uchungu huo alikuwa ameuvaa mwaka mzima na anajua unabana wapi.

"Mara ya mwisho nilipoulizia ulikuwa umekufa," Synne akaendelea. "Walisema kwenye ziwa ulikuwa unapigana na nyuki. Umefufukia wapi?"

"Kilimani. Mama yako kanizalisha."

Synne akamkodolea macho. Kisha akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa blanketi na kuendelea kucheka, kwa sababu alimjua mama yake.

Nafasi, hata hivyo, ilikuwa bado haijatolewa. Kushinda mchujo ni kubisha hodi. Anayefungua mlango ni mwingine. Haldis na wenzake wawili walikuwa wamejifungia kwenye kibanda cha nta, na kila mtu alijua wanachopima: kipande kidogo cha mtu mwenye uzoefu upande huu, mapafu ya farasi ya miaka kumi ijayo upande ule. Mwaka mmoja waliwahi kumwacha mshindi na kumchukua wa pili, na hadi leo kuna ndugu wawili hawaketi kiti kimoja kanisani.

Watu wakangoja katika ukumbi wa klabu, ambamo akina baba wa zamu walikuwa wanachoma wafli, vimkate bapa vya kubanwa kwenye chuma cha moto, na kuzipaka jamu. Synne aliketi na mama yake meza ya dirishani, na Ingvill akaketi nao, kwa sababu kukaa mbali kungekuwa tangazo.

"Mama, niambie ukweli," Synne akasema. "Wewe uko timu gani?"

"Yako."

"Halafu unampigia kelele huyu?"

"Sikumpigia yeye. Nilikuwa nimechoka na baba yake. Mtu anaapa kwa mgongo mbele ya soseji, we ungevumilia?" Torunn akaigawa wafli yake vipande vitatu. "Na angeanguka pale kilimani nani angemchukua? Mimi. Na mimi niko mapumziko."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini kipande alichokula alikitafuna muda mrefu, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshika ule mkia wa nywele za bintiye, kama alivyokuwa akiushika Synne alipokuwa mdogo wakivuka barabara.

"Ungekuwa wewe pale," Ingvill akamwambia Synne, "baba yangu angekwambia uko nyuma."

"Ningekuwa nyuma kweli."

"Angekwambia hivyo hivyo."

Wakacheka wote watatu, kidogo, kama watu wanaojipasha moto. Nje theluji ilikuwa imeanza kudondoka taratibu, na mtu alikuwa anang'oa bendera ndogo za njia moja baada ya nyingine.

Ndipo mlango ulipofunguka, akaingia Arnfinn. Alikuwa amepita nyuma ya kibanda cha nta, mahali ambapo mzee mwenye mgongo mbovu huweza kusimama kwa muda mrefu bila kuulizwa anapumzikia nini. Kofia ya kijani alikuwa ameishika mkononi. Uso wake ulikuwa mrefu kama wa mtu aliyegonga gari la mchungaji. Akaja mpaka mezani, polepole, na ukumbi ukapunguza kelele. Hata akina baba wa wafli wakaacha chuma mkononi.

Akamtazama binti yake.

"Umekosa, mwanangu," akasema. "Uko nyuma. Nyuma kabisa. Wamesema hawajaona mtu wa nyuma kama wewe."

Torunn alitazama dari, akaiuma midomo yake. Chini ya meza mkono wa Synne uliushika wa Ingvill ukaubana mara moja, kwa nguvu, kisha ukauachia, na Synne akageukia dirisha kuitazama theluji.

Ingvill alimwangalia mzee. Kiapo kilikuwa cha njiani. Ndani ya ukumbi hakikutajwa, na humo nyuma ilikuwa bado na maana yake ya zamani. Mdomo wake ulikuwa umesimama imara kama wa askari, lakini ile kofia ya kijani ilikuwa inakamuliwa kama kitambaa cha kudekia.

"Nyuma kwa ngapi, baba?" akauliza.

Arnfinn akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake marefu ya uongo hakuwa na namba tayari.

"Nyingi," akasema, akavuta kiti, akaketi, na kujifunika uso kwa kofia.